Bima ikikataa dawa ya mtoto, kata rufaa

Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili sasa zinalea watoto Marekani, na baadhi ya watoto hao wana ADHD. Matibabu yapo na sheria zipo, lakini kati ya daktari na kidonge imesimama kampuni ya bima. Makala haya yanaeleza namna ya kuipita.

Daktari ameshaandika dawa, na duka la dawa linayo kwenye rafu. Mzazi ametoka zamu ya usiku, amepanga foleni na mtoto wake, na anapofika dirishani mfamasia anatazama kompyuta kisha anamwambia kuwa bima haijaidhinisha. Akitaka kulipa mfukoni, bei ni mamia ya dola kwa mwezi mmoja. Mzazi anashukuru, anamshika mtoto mkono, anaondoka. Nyumbani anamwambia mwenzake kwamba dawa imekataliwa, na habari inaishia hapo.

Mara nyingi haikupaswa kuishia hapo. Shirika la KFF, linalofuatilia sera za afya Marekani, lilichambua bima zinazouzwa kupitia soko la serikali kuu la HealthCare.gov kwa mwaka 2023. Lilikuta kampuni zilikataa karibu dai moja kati ya kila matano ya huduma zilizotolewa ndani ya mtandao wao. Waliokata rufaa hawakufika hata asilimia 1. Lakini kati ya kila rufaa 100 zilizofika mezani, kama 44 ziliwarudisha nyuma waliokataa mwanzo. Kwa maneno mengine, kampuni ya bima inapokataa huwa imesema neno lake la kwanza tu, na watu karibu wote wanalichukua kama la mwisho.

Kwetu sisi hasara hiyo ni kubwa zaidi. Barua inakuja kwa Kiingereza cha kisheria, mzazi ana kazi mbili, na tumelelewa kuamini kwamba ofisi ikishasema imesema. Katika mfumo wa bima wa Marekani, adabu hiyo inamnyima mtoto dawa.

Mtoto si mtukutu tu

Kwa zaidi ya miaka kumi, hadi mwaka 2024, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotoa wakimbizi wengi zaidi waliopewa makazi Marekani. Ndiyo maana leo Kiswahili kinasikika kwenye mabasi ya shule ya Lexington na Louisville, Dallas na Phoenix, Des Moines na Portland ya jimbo la Maine. Ukiongeza Wakenya, Watanzania na Warundi waliokwenda kwa masomo au kazi, unapata wazazi wengi ambao siku moja wataitwa na mwalimu na kuambiwa kuwa mtoto hatulii, hamalizi kazi, na anasahau kila kitu.

ADHD ni hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa umakini, utulivu na uwezo wa kujizuia. Hurithiwa kwa kiasi kikubwa, na hailetwi na malezi mabovu, kukosa viboko au laana. Kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilikadiria kwamba kufikia mwaka 2022, watoto wapatao milioni 7 wa Marekani wenye umri wa miaka 3 hadi 17, sawa na asilimia 11.4, walikuwa wamewahi kuambiwa wana hali hiyo. Kati ya waliokuwa nayo wakati huo, takriban theluthi moja hawakuwa wakipata dawa wala tiba ya tabia. Wapo pia watoto wakimya, wasichana wengi wakiwa miongoni mwao, ambao hawasumbui mtu darasani. Wanakaa wakitazama dirishani huku masomo yakiwapita, na hao huchelewa kugunduliwa.

Uchunguzi wenyewe hauhitaji mashine. Kwa mwongozo unaotumika Marekani, dalili zinapaswa kuwa zimeonekana kabla ya umri wa miaka 12, zidumu angalau miezi 6, na zijitokeze sehemu mbili au zaidi, kwa mfano nyumbani na shuleni. Daktari wa watoto wa kawaida anaweza kuitambua kwa mazungumzo, kwa kumpima mtoto, na kwa fomu za maswali kama zile za Vanderbilt ambazo mzazi anajaza yake na mwalimu yake. Kwa mtoto aliyepita kwenye vita au kambi kuna jambo la kuongeza. Kiwewe na kukosa usingizi vinaweza kumfanya akose utulivu kwa namna inayofanana sana na ADHD. Mweleze daktari historia hiyo hata kama hakuiuliza.

Fomu zile zitunze. Hizo ndizo karatasi za kwanza za ushahidi utakaouhitaji mbele ya bima.

Jua bima yako ni ya aina gani

Kabla ya kubishana na mtu, toa kadi ya bima kwenye pochi uitazame, kwa sababu haki zako zinategemea nani analipa.

Aina ya kwanza ni Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo iliyoanzishwa mwaka 1965, pamoja na mwenzake CHIP ya mwaka 1997 kwa watoto ambao familia zao zimepita kidogo kiwango cha Medicaid. Hizi mbili huhudumia karibu watoto 4 kati ya kila 10 wa nchi hiyo. Kila jimbo huziendesha kwa jina na masharti yake, na mara nyingi kazi hukabidhiwa kampuni binafsi. Ndiyo sababu kadi yako inaweza kuwa na nembo ya kampuni huku bima yenyewe ikiwa Medicaid.

Kwa mtoto, Medicaid ina silaha ambayo wazazi wachache wanaijua. Tangu mwaka 1967 sheria inalitaka kila jimbo limpime mtoto afya yake mara kwa mara na kumpa tiba yoyote ya lazima inayoweza kulipiwa na Medicaid, hata kama jimbo hilo haliwapi watu wazima tiba hiyo. Mpango huo unaitwa EPSDT na unadumu mpaka atimize miaka 21. Ukiambiwa kwamba mtoto amemaliza idadi ya vikao vya ushauri kwa mwaka, uliza kwa jina: je, mmepitia ombi hili kwa mujibu wa EPSDT? Swali hilo hubadilisha mazungumzo.

Aina ya pili ni bima ya kazini, na ya tatu ni ile unayonunua sokoni chini ya sheria ya mwaka 2010 inayojulikana kama Obamacare. Kwa sheria hiyo, bima za sokoni lazima zilipie afya ya akili na dawa za kuandikiwa, na tangu mwaka 2014 hakuna kampuni inayoweza kumkataa mtoto au kumpandishia bei kwa sababu tayari ana ADHD. Mtoto anaweza kubaki kwenye bima ya mzazi mpaka afikishe miaka 26.

Tofauti kubwa kati ya hizi na Medicaid ni fedha zinazotoka mfukoni. Kwenye bima za kazini na za sokoni kuna kiasi ambacho familia hulipa yenyewe kila mwaka kabla bima haijaanza kuchangia, kisha kuna mchango wa kila dawa na kila kikao, na juu ya yote kuna kikomo. Kwa mwaka 2025 kikomo hicho hakikuruhusiwa kuzidi dola 9,200 kwa mtu mmoja na dola 18,400 kwa familia, kwa huduma zilizo ndani ya mtandao wa bima. Ndiyo maana dawa ileile inaweza kugharimu fedha nyingi Januari na kidogo sana Oktoba.

Kwa nini dawa hizi zina milango mingi

Dawa zinazotumika zaidi kwa ADHD ni za kuamsha utendaji wa ubongo, nazo zina familia mbili: methilfenideti, inayouzwa kwa majina kama Ritalin na Concerta, na amfetamini, inayouzwa kama Adderall na Vyvanse. Zinasaidia watoto wengi, lakini pia zinaweza kutumiwa vibaya. Kwa hiyo chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 1970 zimewekwa kwenye Daraja la II, pamoja na dawa kali za maumivu. Matokeo yake mzazi anayaona kila mwezi: cheti kimoja cha dawa hakiwezi kurudiwa, daktari lazima aandike kingine. Anaweza kuandika vyeti kadhaa kwa pamoja vya kutosha mpaka siku 90, kila kimoja na tarehe yake ya kuchukuliwa. Mwombe afanye hivyo kama jimbo lenu linaruhusu, itawapunguzia safari.

Kuna pia dawa zisizo za kundi hilo, kama atomoksetini, guanfasini, klonidini na viloksazini. Hizo hazina masharti ya Daraja la II, lakini zina yake. Guanfasini na klonidini hazitakiwi kukatwa ghafla kwa sababu presha inaweza kuruka juu. Bima ikichelewesha mojawapo ya hizi mbili, mwambie daktari siku hiyohiyo, maana hapo ucheleweshaji wenyewe ni hatari.

Juu ya sheria ya serikali, kampuni ya bima huongeza milango yake. Kila bima ina orodha ya dawa inazolipia, iliyopangwa kwa madaraja ya bei: zisizo na nembo chini, zenye nembo juu. Baadhi zinahitaji kibali cha awali, yaani daktari aombe ruhusa kwanza. Kwenye barua utaona maneno prior authorization. Nyingine hazilipiwi mpaka mtoto ajaribu kwanza dawa ya bei nafuu na ishindikane. Nyingine zina kikomo cha idadi ya vidonge kwa mwezi, au cha umri. Programu za Medicaid za majimbo mengi, kwa mfano, hudai kibali maalumu kwa mtoto aliye chini ya miaka 6.

Ni muhimu kujua ni mlango upi umefungwa, kwa sababu kila mmoja una ufunguo wake. Kama ni kibali, ofisi ya daktari inajaza fomu, na Medicaid inatakiwa kujibu ombi la kibali cha dawa ndani ya saa 24. Penye dharura sheria inaagiza mgonjwa apewe dawa ya angalau saa 72 wakati jibu likisubiriwa. Kama dawa haimo kabisa kwenye orodha ya bima ya sokoni, daktari anaweza kuomba ilipiwe kwa sababu maalumu, na kampuni ina saa 72 za kujibu, au saa 24 kukiwa na haraka. Na kama tatizo ni kwamba mmekuja siku chache kabla ya dozi ya mwezi kwisha, hakuna cha kubishania. Ulizeni tu tarehe.

Kwa hiyo pale dirishani usiondoke na neno moja la kukataliwa. Muulize mfamasia: kompyuta imeandika sababu gani? Mwombe akuchapishie au akuandikie kwenye karatasi. Kisha piga simu kwa daktari ukiwa bado dukani.

Kidonge ni nusu ya tiba

Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, kinashauri kwamba mtoto wa miaka 4 na 5 aanzie kwenye mafunzo ya wazazi ya kusimamia tabia, si dawa. Kuanzia miaka 6, mwongozo unataka dawa na tiba ya tabia viende pamoja, na shule ishirikishwe. Mafunzo hayo ya wazazi hayamaanishi kuwa umeshindwa kulea. Ni mbinu za kutoa maagizo mafupi, kusifia kwa wakati, kupanga siku na kuweka matokeo yanayotabirika, ambazo zimethibitika kuwasaidia watoto wa namna hii.

Hapa ndipo bima huzua shida ya pili. Hulipia kidonge kwa urahisi zaidi kuliko saa ya mtaalamu, au hutoa orodha ndefu ya wataalamu ambao ukiwapigia hawapokei wagonjwa wapya. Sheria ya usawa wa afya ya akili ya mwaka 2008 ilitungwa kwa ajili ya hali hiyo. Imepewa majina ya maseneta wawili wa vyama vinavyopingana: Paul Wellstone wa Minnesota, aliyekuwa na kaka mwenye maradhi ya akili, na Pete Domenici wa New Mexico, aliyekuwa na binti mwenye maradhi hayo. Wellstone alifariki kwenye ajali ya ndege mwaka 2002 kabla ya kuiona ikipita. Sheria hiyo inasema kwamba bima ikilipia afya ya akili, haiwezi kuiwekea masharti makali kuliko inayoyawekea magonjwa ya mwili, iwe ni michango, idadi ya vikao au vibali. Una haki ya kuitaka kampuni ikupe vigezo ilivyotumia kuamua kwamba tiba fulani si ya lazima.

Ukikosa mtaalamu kwenye orodha, andika majina uliyowapigia, tarehe na jibu la kila mmoja, kisha idai kampuni ikutafutie au ikubali kumlipia mtu wa nje ya mtandao. Orodha yako iliyoandikwa kwa mkono ina nguvu kuliko malalamiko ya dakika arobaini kwenye simu.

Shule nayo ina wajibu usiotegemea bima hata kidogo. Kwa sheria ya elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu na kifungu cha 504 cha sheria ya mwaka 1973, mzazi anaweza kuomba kwa maandishi mtoto apimwe bure na awekewe mpango: akae mbele, aongezewe muda wa mtihani, apewe kazi kwa vipande. Na mwalimu akikwambia mtoto hawezi kurudi darasani mpaka anywe dawa, jua kwamba shule ya umma imekatazwa na sheria ya serikali kuu kuifanya dawa inayodhibitiwa kuwa sharti la mtoto kusoma. Uamuzi wa dawa ni wako na daktari.

Barua ya kukataliwa isomeke hivi

Siku chache baada ya dawa au huduma kukataliwa, barua itafika. Usiitupe hata kama huielewi. Tafuta mambo manne. La kwanza ni tarehe ya barua, kwa sababu saa ya rufaa huanzia hapo. La pili ni sababu, na mara nyingi itakuwa mojawapo ya hizi: si tiba ya lazima, haimo kwenye orodha, hakuna kibali, taarifa hazikutosha. La tatu ni namba ya dai au ya ombi. La nne ni anwani au faksi ya kupeleka rufaa, na siku ya mwisho. Mara nyingi utakuta humo humo karatasi yenye sentensi moja iliyorudiwa kwa lugha nyingi. Katika baadhi ya majimbo Kiswahili kimo, nayo inasema kuwa unapata msaada wa lugha bila malipo.

Sentensi hiyo si mapambo. Hospitali, Medicaid na kampuni nyingi za bima zinalazimika kukupa mkalimani mwenye ujuzi bila kukutoza. Hawatakiwi kumtumia mtoto kutafsiri, isipokuwa kwenye dharura. Ukipiga simu, sema maneno mawili tu ya Kiingereza, "Swahili interpreter", kisha subiri. Mtoto mwenye ADHD asiwe ndiye anayemtafsiria mama yake barua inayojadili akili yake.

Kwenye bima ya kazini au ya sokoni, kwa kawaida una siku 180 za kukata rufaa ndani ya kampuni. Kama tiba haijatolewa bado, kampuni ina siku 30 za kujibu. Kama imeshatolewa na ugomvi ni malipo, siku 60. Kukiwa na hatari kwa afya, saa 72. Ikikataa tena, na suala likiwa ni la uamuzi wa kitabibu, una miezi 4 ya kupeleka shauri kwa mkaguzi huru wa nje, na uamuzi wake unaifunga kampuni.

Kwenye Medicaid inayoendeshwa na kampuni, muda ni mfupi: siku 60 tangu tarehe ya barua. Ukishindwa, una siku 120 za kuomba shauri lisikilizwe na jimbo. Kuna muda mwingine mfupi zaidi wa kuukumbuka. Kama mtoto tayari alikuwa anapata tiba na wanataka kuikata au kuipunguza, omba ndani ya siku 10 kwamba iendelee wakati rufaa ikisubiriwa. Fahamu tu kwamba jimbo linaweza kudai gharama za kipindi hicho ukishindwa.

Kinachoshinda rufaa ni barua ya daktari. Barua yenye mstari mmoja kwamba mtoto anahitaji dawa hii haitoshi. Mwombe daktari ataje utambuzi wa ugonjwa, dawa zilizojaribiwa kabla, kipimo na tarehe zake, kilichotokea kwa kila moja, na kwa nini hii ndiyo inayofaa. Mtoto aliyepungua uzito kwa dawa ya kwanza, asiyeweza kumeza kidonge na anahitaji ya maji, au ambaye dawa fupi humwishia saa tano asubuhi akiwa katikati ya masomo, ana sababu za kitabibu kamili. Lakini mkaguzi hazijui mpaka ziandikwe. Daktari pia anaweza kuomba azungumze moja kwa moja na daktari wa kampuni ya bima, na mara nyingine simu hiyo peke yake humaliza jambo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua daftari moja la bima. Kila simu iandikiwe tarehe, jina la aliyepokea, na alichosema. Kila barua iwe na nakala.

Dawa ikikosekana, au ikiwa ghali

Wakati mwingine bima imekubali lakini duka halina. Oktoba 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza upungufu wa Adderall ya kawaida, na uhaba ukasambaa kwenye dawa nyingine za kundi hilo. Serikali huweka kila mwaka kiwango cha juu cha kutengeneza dawa hizi, hivyo viwanda haviwezi kuongeza uzalishaji kwa siku moja mahitaji yakipanda. Utafiti wa CDC kwa watu wazima mwaka 2023 ulikuta kwamba kati ya waliokuwa wakitumia dawa hizo, zaidi ya 7 kati ya kila 10 walipata taabu kujaziwa cheti kwa sababu haikuwapo.

Tangu Agosti 2023, cheti cha kielektroniki ambacho bado hakijajazwa kinaweza kuhamishwa mara moja kutoka duka moja hadi jingine bila daktari kuandika upya, jimbo likiruhusu. Piga simu kwanza, uliza nani anayo, kisha omba kihamishwe. Na daktari akibadilisha dawa kwa sababu ya uhaba, hakikisha ameomba kibali cha hiyo mpya papo hapo.

Kuhusu bei, muulize mfamasia swali hili: nikilipa bila bima ni kiasi gani? Tangu mwaka 2018 sheria imekataza mikataba iliyokuwa inawafunga wafamasia midomo wasikwambie kwamba bei ya taslimu ni ndogo kuliko mchango wa bima. Dawa isiyo na nembo mara nyingi ni nafuu kwa namna hiyo, hasa tangu toleo la bei nafuu la Vyvanse lilipoingia sokoni mwaka 2023. Kumbuka tu kwamba fedha uliyolipa nje ya bima kwa kawaida haihesabiwi kwenye kikomo chako cha mwaka.

Ilinde bima yenyewe

Watoto wengi hukosa dawa bila mtu yeyote kuikataa. Bima yao imekufa kwa sababu barua ilipelekwa nyumba waliyohama. Baada ya majimbo kuanza tena kuhakiki wanufaika wa Medicaid mwaka 2023, zaidi ya watu milioni 25 waliondolewa. Kati yao, karibu 7 kwa kila 10 waliondolewa kwa makosa ya karatasi, si kwa kuwa na kipato kikubwa. Tangu Januari 2024 mtoto aliyekubaliwa Medicaid au CHIP hubaki miezi 12 hata kipato cha wazazi kikipanda, lakini mwaka ukiisha lazima fomu ijibiwe. Ukihama, badilisha anwani kwanza.

Wakimbizi wana jambo jingine la haraka. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 inapunguza, kuanzia Oktoba 1, 2026, makundi ya wageni wanaolipiwa Medicaid na CHIP na serikali kuu. Wakimbizi na waliopewa hifadhi ambao bado hawana ukaazi wa kudumu, yaani grinikadi, hawamo tena. Baadhi ya majimbo yanaendelea kuwahudumia watoto walioko nchini kihalali. Kwa hiyo kama umetimiza mwaka mmoja Marekani na hujaomba grinikadi, omba sasa, na uliza jimbo lako lina utaratibu gani kwa watoto. Mkimbizi hanyimwi grinikadi kwa sababu mtoto wake alitumia Medicaid.

Na mkisafiri kusalimia nyumbani, msibebe vidonge kwenye mfuko wa plastiki. Methilfenideti na amfetamini zinadhibitiwa kimataifa kwa mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971, ambao nchi zetu zinaufuata. Bebeni dawa kwenye chupa yake yenye jina la mtoto pamoja na barua ya daktari, na ulizeni ubalozi wa nchi mnayokwenda kabla ya kukata tiketi.

Jambo la jamii nzima

Hakuna mzazi anayepaswa kuyabeba yote haya peke yake. Tuna makanisa, misikiti, vyama vya Wakongo, vya Watanzania na vya Wakenya, na vikundi vya simu ambavyo huchangisha maelfu ya dola kwa siku moja mtu akifiwa. Vyombo hivyo hivyo vinaweza kuweka meza moja kila Jumamosi ya kusoma barua za bima. Wauguzi wetu, wasaidizi wa hospitali na wanafunzi wa vyuo wakae saa mbili, mzazi aje na bahasha, wamweleze kinachodaiwa na siku ya mwisho, wamsaidie kupiga simu. Kazi hiyo haihitaji ruzuku wala wakili. Inahitaji mtu anayesoma Kiingereza na anayejua kwamba barua ya kukataliwa ina njia ya kujibiwa.

Tukifanya hivyo, hatutakuwa tena miongoni mwa wale zaidi ya 99 kati ya 100 wanaokataliwa na kunyamaza. Mtoto aliyepata tiba yake kwa wakati anasoma, analala, anapata marafiki, na anaacha kuamini kwamba yeye ni mbaya. Rufaa inayomwezesha kufika hapo inaweza kuwa karatasi mbili na stempu. Tuiandike.